Fundi wa Kigiriki na jina asiloruhusiwa kulitaja

Kabla patasi haijagusa mbao, George Makhanu lazima asikie jina likitamkwa.

"Sema tena," anamwambia mteja.

"Tyson."

"Tena."

"Si nimesema Tyson, fundi. Wewe unaandika kibao ama unaniandikia OB ya polisi?"

"Mara ya mwisho. Sema vile unamwitanga akiwa mbali."

Mteja, mzee Lusweti wa Shinyalu, anavuta pumzi mpaka vifungo vya koti vinalalamika. "Taisooo!" Mama anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara anageuka kutazama ni mtoto wa nani aliyepotea.

George anafumba macho. Analirudia jina mwenyewe mara tatu, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi. Kisha anachukua penseli ya seremala na kuchora juu ya ubao: ΤΑΪΣΟΝ.

Tyson si mtoto. Tyson ni fahali. Jumamosi atapigana Malinya, na mwenye fahali ameamua kwamba safari hii kibao kitakachobebwa mbele ya wapiga ngoma za isikuti kiandikwe Kigiriki.

"Na yule fahali mwingine atajuaje kusoma Kigiriki?" anauliza Bravin, seremala wa majeneza anayetumia kibanda kimoja na George.

"Hatasoma," Lusweti anajibu bila kucheka. "Ataogopa."

Kibanda chenyewe kiko Lurambi, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Ni cha mabati juu na pembeni, na kimegawanywa katikati kwa mstari wa chaki. Kushoto majeneza ya Bravin yamesimama wima kama wanafunzi wa gwaride. Kulia ni kwa George: misalaba, vibao, bango la kwaya, na kipande cha mpira cha kuzuia tope nyuma ya bodaboda moja, ambacho mwenyewe hajarudi kukichukua tangu Krismasi. Kuna wateja wanaoingilia kushoto na kutokea kulia, kwa kuwa msalaba nao unataka jina.

George ana umri wa miaka thelathini na tisa, na riziki yake ni kugeuza maneno, majina na misemo ya Kiingereza kuwa Kigiriki. Ukiambiwa hivyo mara ya kwanza utadhani unatafutiwa kicheko. Kakamega na Ugiriki, wapi na wapi?

Lakini parokia za Othodoksi ziko Magharibi tangu enzi za mababu, na humo Kigiriki ni lugha ya kuvalia suti. Huandikwa kwenye misalaba, kwenye picha za watakatifu, juu ya milango. Hao ndio wateja wake wa siku zote. Nyuma yao wakafuata wengine: wanafunzi wanaotaka jina la mpenzi kwenye fulana, wachungaji wa makanisa mengine wanaotaka neno moja tu ukutani ili mahubiri yawe na uzito, na vijana wa bodaboda, ambao hawahitaji sababu.

"Mmoja aliniletea 'No Pressure'," George anasimulia huku akipuliza vumbi la mbao. "Nikamuuliza, ukisema hivyo unamaanisha nini? Akasema, yaani watu waache kunisukumasukuma. Basi nikamwandikia Μη βιάζεσαι. Ni kama kusema, usiwe na haraka." Anatikisa kichwa. "Sasa anapitanga hapa na hayo maneno nyuma, mbio mpaka kuku wanalala chini. Siku askari wa barabarani watajua Kigiriki, huyo atashikwa mara mbili."

Simu anazijua. Wateja humwonyesha tafsiri za simu wakitaka bei ishuke. Yeye hakasiriki, huwaambia wajaribu, kisha husubiri. Kwaya moja ilijaribu, ikachapisha fulana za wanakwaya wote. Walipozipeleka kwa George awasomee, ikawa simu imemgeuza Violet kuwa rangi na Sunday kuwa siku ya wiki.

"Neno natafsiri," anaeleza. "Jina sitafsiri. Jina nasikiliza, halafu natafuta herufi za kulibeba. Linapita kwa masikio kwanza, halafu mdomo, ndiyo lifike kwa mkono. Likiruka mdomo, mkono unapotea."

Mara tatu kwa sauti, ndipo patasi. Hiyo ndiyo sheria yake, na hajawahi kuivunja, iwe kwa mtoto mchanga, kwa marehemu au kwa fahali. Ni sheria hiyohiyo iliyomweka pabaya Agosti iliyopita, lilipomfikia jina moja ambalo hapaswi kulitia kinywani maisha yake yote: jina la mama mkwe wake.

Jina hilo halitachapishwa hapa. George husoma kila kitu kwa sauti, magazeti yakiwemo.

Alizaliwa Butali, kwa mkata miwa aliyetaka angalau mtoto mmoja asishike panga. Mtoto huyo alipenda vitabu na kanisa, basi alipomaliza kidato cha nne akapelekwa chuo cha kusomea upadri nje ya Nairobi. Kigiriki alikinywa kama uji. Kilichomshinda ni kuimba, na ibada ya Kiothodoksi huimbwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu wake wa nyimbo alikuwa mtu mpole. Alivumilia miaka mitatu. "George," alimwambia siku moja baada ya mazoezi, "Mungu amekusikia. Sasa pumzika."

Akarudi nyumbani na kamusi moja, akachukua patasi za mjomba wake, akaanza. Kwa Kigiriki jina lake, Γεώργιος, maana yake ni mkulima. Mkewe, Maurine, huwaambia wageni kwamba mkulima huyu hajawahi kupanda hata sukumawiki ya kuku kula.

Mwezi mzuri, hasa Pasaka inapokaribia, hupata kama shilingi elfu ishirini na tano. Mwezi wa mvua nyingi zinaweza kuwa elfu nane, na hapo kibanda cha Maurine cha kutuma na kutoa pesa ndicho kinacholeta obusuma, yaani ugali, mezani. "Sisemi kitu," Maurine anasema. "Namwekea tu sahani."

Wana miaka kumi na miwili ya ndoa na watoto wawili. Mkubwa ni Mitchel, ndiyo maana Maurine humwita mumewe Baba Mitchel. Na mama yake Maurine, mjane wa miaka sabini na kitu anayeishi Shianda, hujulikana huko kote kama Mama Osiako, kwa jina la kifungua mimba wake.

Katika miaka hiyo yote, George na mama mkwe hawajawahi kupeana mkono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, George huingia kwenye miwa mpaka mama apite. Ana shati jeupe moja lililokwisha kwa mtindo huo. Na jina la kuzaliwa la mama mkwe halitajwi na mkwe, awe amelala au amelewa. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, na watu wa huku heshima huipima kwa umbali.

Palikuwa na jambo jingine, ambalo halikuwa mila. Mama Osiako alikuwa ameahidiwa mkwe padri. Akaletewa mkwe mwenye patasi. Kwa majirani akasema binti yake ameolewa na mtu anayechorachora kama kuku aliyeona siafu. Maneno ya Shianda hayahitaji nauli, yakafika Lurambi.

George alicheka. "Alicheka wiki nzima," Maurine anakumbuka, "na wiki nzima hakumaliza chakula."

Sasa, mwaka jana Mama Osiako akatoa kipande cha shamba lake ili Waothodoksi wa upande ule wajengewe kanisa dogo, waache kutembea mbali kila Jumapili. Si shamba la marehemu mumewe. Ni lake, alilolinunua mwenyewe kwa njugu alizouza sokoni msimu baada ya msimu. Na desturi ya parokia ni kwamba jina la aliyetoa ardhi huchongwa kwa Kigiriki kwenye boriti ya juu ya mlango.

Boriti ilikuwepo tayari: mvule ulioangushwa na upepo papo hapo shambani. Kamati ya ujenzi ilitaka maandishi yatengenezwe Nairobi kwa mashine, yaje yakiwa yamenyooka. Mama Osiako aliwasikiliza mpaka wote walipomaliza, kisha akamgeukia Padri Mathew wa parokia.

"Jina langu likiandikwa, liandikwe na mkwe wangu," alisema. "Kama hawezi, hiyo mbao iwekwe hivyo tu."

Habari zilipofika nyumbani, George aliziulizia mara mbili.

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake," Maurine alimjibu. "Na alisema 'mkwe wangu', Baba Mitchel. Hakusema 'yule mtu'."

Miaka kumi na miwili George alikuwa akisubiri neno hilo bila kumwambia mtu. Boriti ilipofika kwa trela la miwa, aliipiga randa mpaka ikang'aa, akapima, akapiga mistari. Kisha akaketi mbele yake na kuitazama kama mtu aliyealikwa karamu akakuta mlango umefungwa.

Bravin, aliyelisoma jina kwenye karatasi ya kamati iliyokuja na boriti, alidhani anamsaidia. "Shida iko wapi? Mimi si mkwe. Wacha nikutajie."

Na kabla hajazuiwa, akalitaja. George aliinuka akatoka nje haraka, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu bila hodi.

"Usirudie," alisema kutoka nje.

"Sasa utaandikaje?"

"Sijui. Lakini usirudie."

Siku zikasonga. Waashi walitaka boriti Ijumaa, kanisa lifunguliwe Jumapili. Jumanne ya wiki ya mwisho George akapata njia, na wakati ule aliiona ni njia ya mtu mwenye adabu. Angeandika jina ambalo Shianda nzima humwita. Jina ambalo hata mkwe anaruhusiwa kulisema mchana kweupe. Alilitamka mara tatu bila kujiuma ulimi, akachukua patasi, akachonga kwa mkono wake bora kabisa: Η ΜΗΤΕΡΑ ΤΟΥ ΟΣΙΑΚΟ.

Mama wa Osiako.

Maurine akapiga picha kwa simu, akaenda Shianda nayo jioni hiyo. Alimkuta mama yake akipepeta njugu mlangoni.

"Ni nzuri," mama alisema, akiishika simu mbali na uso. "Imenyooka. Inasema nini?"

"Mama ya Osiako."

Mama akaweka ungo chini.

"Osiako alitoa shamba lini?"

Maurine akaichukua simu yake.

"Osiako anaendesha lori Eldoret. Hata hajui mpaka wa hiyo shamba uko wapi." Hakuwa amepandisha sauti. "Mwambie mkwe hivi. Nilikuwa binti ya fulani, sikukataa. Nikawa bibi ya fulani, sikukataa. Nikawa mama ya Osiako, nikashukuru Mungu. Lakini hiyo shamba nilinunua na njugu zangu. Hapo nataka niitwe mimi."

Akaendelea kupepeta. Baada ya kitambo akasema, kama anayeongea na ungo: "Tangu baba yenu aende, hakuna mtu ameniita. Dada zangu wamekwisha. Hilo jina liko na mimi tu hapa, kama redio haina betri."

Maurine alirudi usiku, akayasema yote kama yalivyo. George hakujitetea. Alikaa kitandani na viatu vyake.

"Niliona nimemheshimu," anasema leo. "Kumbe nimechukua kitu chake nikampa Osiako."

Boriti ina pande nne. Asubuhi aliigeuza, akaupiga randa upande mwingine. Ule wa Osiako ungelala juu, ndani ya ukuta, na hakuna ambaye angeuona tena. Lakini upande mpya ulikuwa mtupu, na mdomo wa George ulikuwa umefungwa vilevile. Alimtuma Maurine apige simu: mwambie mama nimeelewa, lakini siwezi kumtaja, na nisipomtaja mkono wangu haujui pa kwenda. Heri wachukue ile ya mashine.

Simu ya Shianda ilikatwa bila jibu. George alijua maana yake, au alidhani anajua. Boriti ingewekwa tupu, na kila Jumapili watu wangeitazama wakijua ni mkwe gani aliyeshindwa.

Alhamisi asubuhi Bravin alikuwa nje akimimina varnishi. Akaingia kwa haraka.

"George, usitoke."

"Kwa nini?"

"Mama mkwe wako ameshuka kwa boda."

George akatazama huku na huku akitafuta miwa ya kuingia. Lurambi haina miwa. Akajibanza nyuma ya jeneza la futi sita na kungoja.

Lakini Mama Osiako hakuingia. Alizunguka hadi nyuma ya kibanda, kunakotupwa vipande vya mbao, akapima ukuta kwa macho, akaamua ni papo hapo. Bravin, kwa hofu na adabu, akamkokotea jeneza moja lisilomalizika akalipindua liwe kiti.

"Kijana, nitafutie stuli," mama alisema. "Hiyo wakati wake bado."

Stuli ikaletwa. Akaketi, mgongo kwenye mabati. Upande wa pili, hatua chache tu, George alikuwa amesimama na mikono yote miwili juu ya boriti.

"Mulembe, mkwe."

"Mulembe, mama."

"Vyombo vyako viko?"

"Viko."

"Maurine aliniambia kazi yako ina masharti. Lazima jina lisemwe."

"Ndiyo, mama. Mara tatu. Mimi mwenyewe ndiye..."

"Wewe huwezi. Na mimi siwezi kushika hiyo chuma." Alikaa vizuri. "Basi leo mdomo ni wangu, mkono ni wako. Uko tayari?"

George akagonga boriti mara moja kwa rungu la mbao. Mama akaelewa kwamba ni ndiyo.

Akalitaja jina lake.

Mara ya kwanza alilisema kama anayeitwa kwenye daftari la zahanati. Mara ya pili kwa sauti ya chini, kama anayelijaribu kuona kama bado linamtosha. Mara ya tatu alilivuta mwisho wake, vile dada zake walivyokuwa wakimwita kutoka ng'ambo ya mto wakati ambapo hakuwa mama wa mtu yeyote. Bravin, aliyekuwa ameshika nyundo, akaiweka chini. Hakuigusa tena mpaka mchana.

Mkono wa George ukajua pa kwenda.

Kila alipomaliza herufi aligonga, na mama akalisema jina tena, naye akachonga inayofuata. Hapakuwa na kukosea. Na kwa kuwa kuchonga mvule si kukata siagi, katikati ya herufi mkwe na mama mkwe wakajikuta wanaongea, watu ambao kwa miaka kumi na miwili walikuwa wamebadilishana salamu na vikohozi tu.

"Hiyo umegonga sasa inafanana na nini?"

"Kama paa la nyumba, mama. Bila kuta."

"Mm. Endelea."

Patasi ikalia kidogo.

"Nilikuwanga nasema unachora kama kuku."

"Nilisikia, mama."

"Nani alikuambia?"

"Watu."

"Nilikuwa nimekasirika," mama alisema. "Nilikuwa nimeshonesha nguo ya kijani ya kuvaa siku utafanywa padri. Ile ya mabega makubwa. Nikaikunja na hasira."

George alikaa na patasi hewani. Hilo hakuwa ameambiwa na mtu.

"Bado iko?"

"Iko. Jumapili nitaivaa. Kama mabega bado yataingia mlangoni."

Saa saba mawingu yakashuka, kama yashukavyo Kakamega kila siku bila kuombwa. Mama alikuwa nje, herufi mbili zilikuwa zimebaki, na ndani hakuingiki kwa sababu mkwe yumo. Bravin akafungua ile nailoni anayofunikia majeneza, akaifunga kwenye mabati upande mmoja na kwenye kigogo upande mwingine. Mvua ikapiga mabati mpaka sauti ya mama ikabidi ipande. Watu waliojikinga kwenye kioski cha jirani wanasema walimsikia mwanamke mzima akiita jina moja kwenye mvua, tena na tena, na wakajiuliza huyo anayeitwa ana kiburi gani asiitike.

Ilipokwisha, George akagonga mara mbili.

"Imetosha?" mama akauliza.

"Imetosha, mama."

"Basi niitie boda."

Jumapili kanisa lilifunguliwa. Padri Mathew, ambaye yeye kuimba hakumshindi, alisimama chini ya boriti akainua uso, akaliimba jina lililoandikwa pale, kisha akalisema kwa sauti ya kawaida ili kila mtu alisikie. Watu wakatazamana. Majirani wa miaka arobaini wakaulizana ni nani huyo, mpaka bibi mmoja mwenye nguo ya kijani na mabega ya zamani akapita katikati yao, akaingia wa kwanza.

George hakuwa mlangoni. Alisimama kwenye ua na waashi, mahali mkwe anapopaswa kusimama. Anasema alimwona akisita kidogo chini ya boriti, akaweka kiganja kwenye mwimo, akaenda.

Osiako alikuja na lori lake kutoka Eldoret. Alipoambiwa kwamba jina lake nalo limo, ila limelala ndani ya ukuta, alifikiri kidogo. "Si mbaya," akasema. "Angalau kuna sehemu yangu inayokaa kanisani."

Tangu siku hiyo kazi imebadilika kidogo. Wanawake wazee huja, kutoka Butali, wengine mbali kama Likuyani, wakizunguka moja kwa moja nyuma ya kibanda kabla hawajaulizwa. Hawaleti majina ya watoto wao. Wengi hawana kanisa la Othodoksi na hawajali kama ni Kigiriki au nini. Wanataka kibao kidogo cha kutundika sebuleni. Mmoja alitoa jina lake, kisha akaomba alisikie kutoka kwa George. Huyo si mama mkwe wake, basi George akalitaja mara tatu, na yule mama akalipa akaenda bila kusubiri kibao. Alikirudia baada ya wiki.

Bravin ametengeneza benchi huko nyuma na kuliezeka. Anasema ni biashara, kwa kuwa mtu akikaa hapo muda mrefu atazoea majeneza. Hakuna anayemwamini.

George sasa ana mpango. Anataka kuhamia Shianda, ajenge chumba cha kazi karibu na soko, chenye milango miwili na ukuta katikati. Ukuta uwe wa mbao, maana mabati hayana adabu mvua ikinyesha. Amekwisha kuonyeshwa kiwanja. Aliyemwonyesha ni mama mkwe, kwa kumtuma Maurine amwambie ageuke atazame upande ule.

Hajawahi kumaliza kumweleza mtu mpango huo bila kurudi kwenye sababu yake, na sababu hiyo huja Lurambi kila Jumanne akitoka kliniki ya presha.

Jumanne hii amefika mapema. Stuli inasikika ikiburutwa, kisha kikohozi, kisha salamu. Mama Osiako husoma Biblia ya Kiluhya bila miwani, lakini zile herufi za juu ya mlango bado humtazama tu. Padri anazijua, mkwe anazijua, yeye mwenye jina hazijui. Hilo amelikataa. Kufikia Pasaka anataka asimame chini ya boriti ile na kujisomea.

Basi George huchonga herufi moja moja kwenye vipande vya mbao vilivyobaki kwa Bravin, na kuvisukuma chini ya mabati, penye uwazi wa vidole vitatu. Anayepokea huvipapasa kwanza kwa kidole gumba, kisha huvitazama.

Leo kipande kimepita. Nje kidole gumba kinasikika kikipapasa mbao.

"Hii nayo inasema nini?" sauti inauliza.

"Iseme wewe, mama," George anajibu, na kuweka patasi chini.

Mama anavuta pumzi. Anajaribu sauti moja, anaikataa mwenyewe kabla mkwe hajafungua mdomo, anajaribu nyingine. Ya pili ndiyo. George anagonga meza yake ya kazi mara moja.

"Lete ingine," anasema mama mkwe.